Eda Bila Kaburi

Buyenzi ya wakati ule, mtaa wetu wa Bujumbura, iliamka kwa nyundo. Jua likiwa bado halijapasha mabati, mafundi walishaanza kunyoosha milango ya magari barabarani, na sisi tuliokuwa ndani tuliweza kujua nani kafika kazini kwa kusikia anavyogonga. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa fundi wa injini za malori, mtu mrefu, mpole, mpenzi wa chai ya tangawizi. Kila adhuhuri alipokuja nyumbani kuswali alisugua mikono kwa sabuni na mchanga, halafu akaninyooshea viganja kama mtoto aliyetoka kuoga. "Angalia, imetakata?" Haikutakata hata siku moja. Nilimwambia imetakata.

Tuliishi ua mmoja na mama yake, mjane aliyezaliwa palepale Buyenzi wakati mtaa bado ni nyumba za udongo. Mimi nilishona mapazia, sare za shule na nguo za arusi, na cherehani yangu ilikaa barazani. Watoto tulikuwa hatujapata. Mama mkwe hakuniuliza hilo kamwe, na kwa jambo hilo moja nampenda mpaka leo.

Vita vilipoanza, mitaa mingine iligawanyika kwa kabila. Watu walihama na magodoro kichwani, huyu kaskazini, yule kusini. Kwetu walibaki wamechanganyika, na wa kila upande walikuja kujificha. Tulijivunia hilo. Mimi niliamini kabisa kuwa dua za wazee wetu zimeuzunguka mtaa kama ukuta, na aliye ndani hadhuriki. Nilipolala na kusikia risasi za milimani nilivuta shuka nikajiambia: hizo ni za huko.

Mume wangu yalimkuta akiwa nje ya ukuta. Mfanyabiashara mmoja lori lake liliharibikia juu milimani, njia ya Bugarama, akamwomba apande akalitengeneze. Mume wangu alikunywa chai akiwa amesimama. Akamwambia mama yake, "Mama, ndizi zangu msizimalize, nitazikuta jioni." Akatoka na sanduku lake la spana begani.

Baada ya siku chache askari walilikuta lile lori pembeni mwa barabara, milango wazi, boneti juu. Spana zilikuwa zimepangwa kwenye gunia, kama alivyokuwa akizipanga siku zote. Damu haikuwepo, wala kiatu, wala mtu.

"Kama wangemuua, wangemwacha palepale," watu waliniambia. "Huyo yuko hai. Wamemchukua awatengenezee magari yao. Fundi hauawi." Nililishika neno hilo kama mtu anavyoshika kamba. Fundi hauawi. Nililala nalo, nikaamka nalo.

Ndipo nilipoanza kutafuta.

Barabarani sikuweza kwenda kumtafuta, kwa hiyo nilimtafuta kwa Mungu, na palipoonekana Mungu kanyamaza nilimtafuta kwa wale waliosema wanasikia anachonong'ona. Kwanza tulikwenda pamoja, mimi na mama mkwe, kwa mwalimu wa mtaa wa pili. Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji, nikanywa. Akatupa hirizi ya kutundika juu ya mlango ili aliyepotea aikumbuke njia. Mama mkwe aliitundika mwenyewe, amesimama juu ya kinu, mimi nimemshika kiuno asianguke. Kila jioni alipopakua chakula alipakua na sahani ya mwanawe, akaifunika kawa. Asubuhi tuliila sisi.

Halafu nilisikia habari za mzee mmoja wa Ruziba aliyekuwa akitazama ndani ya beseni la maji. Nilikwenda huko mchana, njia ilipokuwa salama, nikapita mashamba ya mpunga na nyavu zilizoanikwa mpaka kwenye nyumba yake. Alitazama maji muda mrefu. Akasema, "Namuona. Yuko kwenye nyumba yenye mlango wa buluu. Maji hayako mbali." Nikauliza nyumba hiyo iko wapi. Akasema maji yamechafuka, nirudi siku nyingine.

Mlango wa buluu! Mtu asiyeijua Bujumbura hawezi kuelewa milango ya buluu ni mingapi mji ule, na ziwa halipo mbali na mlango wowote. Kwa miezi mingi nilikuwa nikipeleka nguo za wateja huku macho yangu yako milangoni. Nilijifunza kupita polepole. Nilijifunza kujifanya nafunga kiatu.

Mwaka ule ule watu wengi walivuka kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, vita vya kwao vilipowaka. Mama mkwe alipangisha chumba cha uani kwa mwanamke mmoja wa huko, mlokole, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Alikuwa mdogo kwangu kidogo, mnene, mwenye sauti ya kujaza ua mzima. Siku ya kwanza tu alikuja barazani na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, akaliweka juu ya kitambaa nilichokuwa nakata.

"Dada, kula kwanza. Mi naona unashona na njaa."

"Nimefunga," nikamwambia. "Mwalimu kaniambia nifunge Jumatatu na Alhamisi."

"Leo ni siku ya tano, ya Ijumaa."

Kumbe nilikuwa nimepoteza hesabu ya siku. Nikala. Ndivyo tulivyokuwa marafiki.

Nilipomweleza habari ya mume wangu alilia kuliko nilivyolia mimi, halafu akapangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Kwetu kanisani kuko mama mumoja wa maombi, Mungu anamuonyesha batu. Tuende. Ukiona haiko mambo yako, utarudia kwako."

Nilikwenda na ushungi wangu kichwani, nikaketi kwenye benchi la nyuma katika chumba kilichojaa wanawake, wengi wao, kama mimi, wakitafuta mtu. Sijawahi kusikia vilio kama vile, wala nyimbo tamu kama zile. Mama nabii alinishika kichwa akasema mume wangu amevuka mpaka, yuko kambini Tanzania, amepigwa akasahau jina lake, na nikifunga na kuomba jina litamrudia. Nilifunga. Sasa nilikuwa na saumu za mwalimu na saumu za nabii, na siku za kula zilibaki chache mno.

Hata huko sikuishia. Mke wa mwalimu mmoja wa chuo kikuu, niliyemshonea mapazia mtaa wa Mutanga Sud, aliniambia kuwa nyumbani kwao hukutana watu waliosoma, wakafumba macho, wakatuliza akili, na akili ikitulia mtu huona mbali. Nilikwenda. Walitandika mito sakafuni, wakawasha mshumaa, mmoja akasoma Kifaransa kwa sauti ya chini. Tukaambiwa tuifuate pumzi tu. Mimi nikalala usingizi kabisa. Nilipofumbua macho mwenye nyumba alikuwa akinitazama kwa heshima. "Mama, wewe umefika mbali sana leo," akasema. Nilikuwa nimefika jikoni kwangu, naota naosha masufuria. Niliona aibu kumwambia. Rafiki yangu nilipomhadithia alicheka mpaka akakaa chini kwenye ndagala zake.

Nayakumbuka hayo sasa na ninacheka naye, ingawa hayupo. Lakini wakati ule kila mahali nilipopita paliniongezea mzigo. Huyu alinikataza kufagia baada ya magharibi, nisimfagilie mume wangu njia. Yule alinikataza kukata kucha siku ya safari yake. Nilikuwa na dua za asubuhi zisizokatizwa hata mtu akigonga, na mteja aligonga, akachoka, akaenda kwa fundi mwingine. Nilivaa uzi mwekundu mkononi na sikukumbuka tena nani alinipa. Niliamini kuwa nikikosea kimoja tu, popote alipo, mume wangu atajikwaa. Usiku nilijikagua kama mwanafunzi: nimesahau nini leo?

Siku moja nilipeleka mapazia mtaa wa Kinindo, kwenye jumba la wageni wa mashirika. Nilipomaliza nilipita njia ya nyuma kwa kuwa kulikuwa na kivuli, na pale nikauona mlango wa buluu kwenye ukuta mweupe, umeachwa wazi nusu. Ndani kulikuwa na mwanamume anaosha gari, amenipa mgongo. Mrefu. Bega la kushoto limeshuka kidogo chini ya la kulia, kama mtu aliyebeba sanduku zito miaka mingi.

Sikubisha. Niliingia. Nilimwita kwa jina nililokuwa nikimwita tukiwa wawili tu.

Mtu yule aligeuka. Alikuwa kijana wa watu, dereva, mwenye ndevu, na povu la sabuni mikononi. Hakukasirika.

"Mama, unatafuta nani?"

Nilifungua kinywa nimwambie. Nilikuwa na jibu tayari, nililolisema miaka mingi kwa walimu, manabii, askari na wapita njia. Badala yake nikasikia sauti yangu ikisema, "Simtafuti mtu, mwanangu. Nimepotea njia tu."

"Pole, mama. Barabara iko huko." Akanionyesha kwa kidole kinachodondosha maji.

Nilitoka nikakaa kwenye ukingo wa mfereji, chini ya bogenvilia. Nilikuwa nimelisema neno lile kwa aibu, kumdanganya, lakini nilipolisikia nililitambua. Simtafuti mtu. Nilingoja nione kama ardhi itapasuka. Upepo ulitoka ziwani ukapita, majani yake ya rangi ya waridi yakaanguka magotini kwangu, mwanamke mmoja akapita na beseni la nyanya kichwani akaniamkia, nami nikaitika. Ilikuwa muda mrefu sijaitika salamu ya mtu bila kujiuliza kama ni ishara. Ilikuwa salamu tu. Nililia pale, kilio kidogo kisicho na dua ndani yake, na nilipomaliza nikahisi njaa.

Nilirudi nyumbani nikakata uzi mwekundu kwa mkasi wa kazi. Rafiki yangu aliniona.

"Umefanya nini?"

"Nimechoka kumshika. Nadhani amekufa. Nadhani alikufa siku ileile, kwenye lori."

Nilitarajia aniambie nisikate tamaa, Mungu wa miujiza yupo. Aliendelea kuchambua mawe kwenye ndagala. Kisha akasema polepole, "Hata mi nilijua, dada. Tangu zamani. Niliogopa kukuambia, juu nilifikiri utaanguka."

"Nimeanguka?"

"Apana. Unakata nyuzi."

Kesho yake nilikwenda kwa shehe wa msikiti wetu. Nilimuuliza kama mwanamke wa mtu aliyepotea anaweza kukaa eda bila kaburi. Alinieleza kuwa wanazuoni wamehitilafiana juu ya muda wa kungoja, lakini kwa kauli anayoifuata yeye nimengoja vya kutosha na kuzidi, naye ataniandikia. "Ila nenda kwanza kwa mama yake," akasema. "Hilo si la kitabu, ni la adabu."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Nilimkuta mama mkwe jikoni, anapakua. Sahani tatu. Nilikaa juu ya kibao, nikamwambia yote: Kinindo, uzi, shehe. Alifunika sahani ya mwanawe kwa kawa, akapangusa mikono, ndipo akanitazama.

"Unataka kumzika mwanangu kwa mdomo?"

"Mama, nataka kumlilia. Sijamlilia bado. Nilikuwa namngoja."

"Na akitokea kesho mlangoni? Utamwambia nini? Kwamba umemkalia eda naye yu hai?"

"Nitamwambia karibu. Nitamwekea chai."

Alinipigia kelele siku ile, mama wa watu asiyepaza sauti. Aliniambia nimepata mwanamume. Aliniambia nimeharibiwa na walokole. Rafiki yangu aliyasikia kwa kuwa chumba chake kilipakana na jiko, wala hakutoka kujitetea. Nilikaa palepale juu ya kibao, kwa sababu kila alichokisema ndicho nilichojiambia mwenyewe miaka yote ile. Mwishowe maneno yalimwisha. Akaketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha kama mtoto.

"Wewe una eda," akasema. "Mungu kakuwekea miezi minne na siku kumi, halafu unaoga, unatoka. Sisi mama hatuna. Nani atanipa mimi miezi yangu?"

Nilishuka kwenye kibao nikakaa sakafuni karibu naye, bega kwa bega, mpaka chakula kikapoa.

Nilianza eda baada ya swala ya Ijumaa. Majirani walikuja wakasoma Yasini, tukamwombea kama wanavyoombewa maiti wasioonekana. Mama mkwe hakutoka chumbani. Lakini kesho yake asubuhi alikuja na mkeka wake, akautandika pembeni ya wangu, akakaa. Alikuwa amevaa kanga kuukuu isiyo na rangi kama yangu. Tulikaa eda wawili, mimi kwa sheria, yeye kwa kujipa mwenyewe. Jioni ile alipakua sahani mbili.

Miezi ile ndiyo ninayoitamani zaidi katika maisha yangu, na ninajua ni jambo la ajabu kusema. Mji ulikuwa na njaa, vikwazo vya nchi jirani vilifanya mafuta na sukari viwe adimu, na milimani mizinga haikulala. Lakini ndani ya ua ule mimi sikuwa na pa kwenda. Baraza, mkeka, mti wa mpapai, mlio wa nyundo za mafundi, harufu ya oili inayoungua ikichanganyika na ya muhogo wa jirani. Rafiki yangu aliuza asubuhi, akarudi mchana na mboga ya lengalenga, akapika, akatuhadithia soko lote, nani kagombana na nani. Mama mkwe alijifanya hasikilizi. Siku moja akamkatiza: "Hukusema yule wa pilipili alimjibu nini." Tangu hapo hadithi zilikuwa za watatu.

Alasiri moja mvua ilinyesha, ile ya matone makubwa. Nilikuwa nimemaliza kuswali, nikainua mikono kuomba dua kama ilivyo kawaida. Mikono ikakaa hewani. Nilitafuta la kuomba, sikulipata. Kwa miaka nilikuwa nikiinua ile mikono miwili na orodha, nikihofia kusahau, na sasa haikuwa na kitu ila sauti ya mvua kwenye mabati. Niliogopa kidogo. Nikajiuliza: ndiyo imani imeniisha? Nikangoja. Mvua iliendelea. Mama mkwe alikuwa akikoroma taratibu kwenye mkeka wake. Yule mlokole alikuwa anakimbilia nguo zilizoanikwa, anaimba wimbo wa kwao, analoa. Nilihisi kuwa kila kitu kipo mahali pake na mimi nimo katikati yake, na kwamba Yule niliyemkimbilia Ruziba na Mutanga hakuwa ameondoka ua huu hata mara moja. Sikuona nuru. Sikusikia sauti. Nilishusha mikono nikaipitisha usoni, kama mtu aliyenawa.

Yapo mambo mengi niliyokuwa nikiyaamini ambayo hayakurudi baada ya siku ile. Ule ukuta wa dua haukurudi, kwa kuwa niliona wema wakifa ndani ya mtaa na nje ya mtaa. Hofu kwamba kosa langu moja linaweza kumuua mtu haikurudi. Swala ilibaki. Nilimwambia rafiki yangu, nikamuuliza kama kwao kuna jina la hali ile. Alifikiri. "Kwetu tunasema amani. Lakini tunasemaka mingi juu yake, kuliko tunayo."

Siku ya mwisho ya eda ni yeye aliyenichemshia maji. Mama mkwe alinifukiza udi, akanivalisha kanga mpya ya manjano aliyoificha sandukuni mwake, akanishika uso kwa mikono miwili, akaniita mwanangu. Sikuolewa tena, ingawa niliposwa. Nilibaki naye mpaka alipofariki, kitandani kwake, mzee, vita vikiwa vinaelekea kwisha. Hirizi ya mlangoni hatukuitoa. Kamba iliyoishikilia ilioza yenyewe, siku moja tukaikuta chini, tukaifukia penye mpapai.

Rafiki yangu alirudi Uvira kwao kulipotulia. Nilimsindikiza mpaka mpakani, upande wa Gatumba, tukisaidiana kubeba mabunda yake, jua kali, vumbi mpaka kwenye kope. Askari alipompigia mhuri aliniegemea na unene wake wote, tukakaa hivyo, watu wakitupita.

"Tutaombeana," akasema.

"Tutaombeana nini?"

Alicheka, meno yote nje, machozi yanatiririka. "Mi sijui, dada. Tutaombeana tu."

Akabeba bunda lake kubwa kichwani, akakataa nimsaidie, akatembea kuelekea kwao.